Gari Jeupe Lililosifiwa kwa Kibemba

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Hata kanisani, kikapu cha sadaka kikipita, macho yangu huenda kwenye mkono wa aliye mbele yangu nione kama ametia kitu au amegusa tu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema siku nikifika mbinguni nitamdai mlinzi wa lango kitambulisho kwanza. Acha aseme. Nimeuza kahawa huku Mbozi miaka thelathini, na mtu akiuza kahawa miaka thelathini bila kushuku ameshaliwa shamba, ameshaliwa ng'ombe, na mume juu yake.

Mume huyo aliniachia ekari nne za mibuni, watoto watatu na pikapu. Kuendesha alinifundisha mwenyewe, kwa matusi mengi ya upendo, kwenye barabara ya vumbi inayotoka kwetu kwenda Mbozi Mission. Pikapu ilibeba kahawa, ilibeba mahindi, ilibeba maharusi, na mwishowe ikambeba yeye mwenyewe kwenda makaburini. Kwa hiyo ilikuwa zaidi ya gari kwangu, na wala sikutegemea kuja kuichukia.

Lakini niliichukia. Binti yangu wa mwisho alikuja nyumbani kujifungua, kama ilivyo desturi yetu kwa uzazi wa kwanza. Uchungu ukawa mrefu, zahanati wakasema tukimbie Mbeya, nikampakia. Pikapu ikazima kwenye mlima Senjele. Usukani nilikuwa nimeshika mimi. Nilipiga ufunguo mpaka betri ikaisha, nikashuka nikapunga kitenge barabarani, malori yakanipita yanapiga honi tu. Lile lililosimama lilichelewa. Mtoto alizaliwa hospitali lakini hakulia, na tulirudi na boksi dogo. Binti yangu hakunilaumu hata siku moja. Mimi ningemshukuru kama angenilaumu.

Mwaka uliofuata akashika mimba tena, nami nikamrudisha kwangu nimtunze. Madaktari Mbeya wakasema safari hii ni upasuaji, aje wiki moja kabla ya siku zake, na uchungu ukianza mapema asicheleweshwe hata kidogo. Siku ileile nilipotoka kliniki naye nikaamua: pikapu inaondoka. Tunduma kuna yadi za magari ambako unaacha gari lako bovu, wanalithaminisha, unaongeza hela, unaondoka na jingine. Nilitaka kitu kimoja tu, gari litakalowaka siku ile likiambiwa liwake. Rangi, redio na viti vya ngozi wangebaki navyo.

Sasa niwaeleze juu ya mkwe wangu, maana bila yeye hakuna habari. Mume wa binti yangu ni Mnamwanga, kwao Ndalambo, lakini anauza mchele Tunduma mjini. Shangazi yake ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na yeye amekulia huku na huku, Kibemba kinamtoka kama maji. Sikumpenda. Hakuwa mlevi, hakuwa mhuni, hakuwahi kuinua mkono. Alikuwa mpole mno, na mtu mpole mno mimi namwangalia mifukoni. Niliwahi kumwambia binti yangu kikulacho ki nguoni mwako. Akanijibu kwamba nguo hiyo ameivaa yeye, mimi niache kuikagua.

Halafu kuna adabu ya ukwe. Kanisa lilituondolea mambo mengi ya zamani, hili halikuondoka, angalau nyumbani kwangu. Mkwe wa kiume hamkabili mama mkwe. Hampi mkono, hali mbele yake, hamtazami usoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Akiwa na neno, anampitishia mtu wa tatu. Mtu wa tatu akikosekana, neno linapitia kwenye kitu. Siku ya posa mkwe wangu aliuambia mlango kwamba ng'ombe wameshafika. Na akinitaja ananihesabu wengi, kwa heshima: mama wamesema, mama wameketi. Kwa hiyo mimi na yeye, tangu amuoe binti yangu, hatukuwa tumewahi kusemezana hata neno moja ana kwa ana.

Siku ya yadi mimi niliendesha pikapu peke yangu kutoka Mbozi, yeye akanisubiri getini na pikipiki yake. Nilipita katikati ya foleni ya malori ya mpakani kwa hasira tu. Nilimkuta amesimama na helmeti mkononi, akainamisha kichwa, akaliambia geti kwamba mama wamefika salama. Nikaliambia geti ndiyo.

Mwenye yadi alikuwa mtu wa kuja, Kiswahili chake cha pwani, manukato yanamtangulia. Aliizunguka pikapu yangu huku anaguna. Alipiga teke tairi, akafungua boneti, akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kata tamaa. Kila alichokigusa kilikuwa kibovu. Mimi nilimwelewa vizuri sana, kwa sababu ndivyo wanunuzi wa kahawa wanavyofanya: wanadharau gunia kwa sauti huku mkono umeling'ang'ania. Nikanyamaza, nikamwacha agune.

Shida ilikuja tulipogeukia magari yake. Kahawa ninaijua. Gunia nikiletewa naingiza bambo, naichomoa na punje za katikati, nang'ata moja, najua imekauka au imenyweshwa maji. Gari halina pa kuingiza bambo. Nilinusa viti, nikainua mazulia, nikaangalia pedali kama zimelika kuliko umri waliotaja, mambo yote aliyowahi kunionyesha marehemu. Mwisho yakabaki mawili. Moja jeupe, linang'aa, nilipofika nililikuta linaunguruma tayari, taratibu, kama paka aliyeshiba. La pili la bluu, rangi imechubuka ubavuni, limepakiwa nyuma huko karibu na choo.

Marehemu alikuwa na usia mmoja wa biashara ambao sikuwahi kuuacha: usisikilize unachoambiwa, sikiliza wanachoambiana. Nikajifanya nafunga kitenge upya, nikajisogeza ubavuni mwa jeupe. Mwenye yadi alikuwa ameingia ofisini kutafuta kadi ya gari. Fundi wake, kijana wa Nakonde aliyevaa ovaroli, alikuwa ameingiza kichwa chini ya boneti, na mkwe wangu naye ameinama pale pale. Walikuwa wananong'ona kwa Kibemba. Fundi alitazama mlango wa ofisi kwanza, kisha akamnong'oneza mkwe wangu sentensi fupi, na mimi nikaidaka: motoka, halafu kitu kama tai, halafu bomba, halafu bwino.

Haya. Kibemba sikijui, lakini si mjinga. Maharage nimewauzia Wazambia miaka mingi; ukimwambia mulishani anakujibu bwino, yaani vizuri. Motoka ni gari, hilo mtoto wa Tunduma analijua kabla ya baba na mama. Na bomba nilifundishwa na wajukuu zangu wakubwa, kwao kila kizuri kiko bomba, viatu bomba, wali bomba, mpaka mchungaji akihubiri kwa kifupi ni bomba. Kwa hiyo nilikuwa nimesikia siri yenyewe. Gari jeupe ni bomba, bwino. Wamelisifu wao kwa wao wakidhani bibi wa kahawa hasikii.

Nikasubiri nione mkwe wangu atalileta vipi. Mwenye yadi akarudi na kadi mkononi. Mkwe wangu akajipangusa mikono, akazunguka hadi kwenye pikapu yangu, akachuchumaa mbele ya tairi la mbele, akaliambia kwa sauti ya chini kwamba mama wasilichukue hili jeupe, wachukue lile la bluu.

Damu ilinipanda. Dakika moja amesikia likisifiwa, dakika ya pili anamkataza mwenye kununua. Nilichora hesabu yote kichwani: jeupe kuna mtu wao amewekewa, la bluu limekosa mteja, na mkwe wangu ana cha juu chake mfukoni kwa kuniingiza mjini. Tena kwa gari ambalo lingembeba mke wake mwenyewe, na mtoto wake tumboni. Nilimwona kama Yuda. Sikukumbuka adabu, sikukumbuka tairi. Nilimgeukia, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie ukoo wangu, mbele ya mwenye yadi, fundi, na wateja wengine wawili.

"Wewe," nikamwambia, "mtoto wa kwanza hakukutosha? Wamekupa kiasi gani umuuze na wa pili?"

Maneno hayo niliyasema mimi. Ningependa kuandika kwamba yaliniponyoka, lakini hayakuniponyoka, niliyachagua.

Angejibu vipi, na mimi ni mama mkwe? Alisimama taratibu, akapangusa vumbi kwenye helmeti kwa mkono wa shati, akapangusa tena pale pale palipokwisha pangusika. Kisha akainamisha kichwa kama alivyofanya getini, akaondoka. Fundi alifungua mdomo, mwenye yadi akamtazama, akaufunga. Nami niliona hata hilo, nikalihesabu upande wangu: aha, na huyu naye wamegawana.

Nilisaini karatasi siku ileile. Pikapu ya marehemu niliiacha pale bila kuiaga, nikarudi Mbozi na jeupe, na njia nzima lilikwenda bila hata kukohoa. Nilifika nyumbani nimejaa ushindi. Binti yangu alitoka kulitazama, akaniuliza mume wake alilionaje. Nikamwambia yeye na fundi walilisifu sana, kwa Kibemba. Akageuka, akaingia ndani.

Asubuhi ya tatu jeupe lilikataa kuwaka. Kwetu asubuhi kuna baridi ya ukungu, nikasema ni baridi. Nililibembeleza kama robo saa hivi likaitika. Siku iliyofuata lilichukua muda zaidi. Baada ya hapo nikawa naamka kabla ya binti yangu, naenda kuliwasha taratibu, naliacha lingurume, ili yeye akitoka na kikombe chake cha uji alikute tayari linaimba. Wiki nzima nilifanya hivyo. Sikuwahi kujiuliza ni wapi nilikuwa nimekuta gari limewashwa tayari kabla sijafika. Mtu anayeshuku dunia nzima huwa hana muda wa kujishuku mwenyewe.

Mkwe wangu hakuja tena nyumbani. Alikuwa anampigia mke wake simu, na mimi nikisogea binti yangu anatoka nje kuongelea kwenye mibuni. Nikajua wananiteta. Hata hilo nililihesabu.

Uchungu ulianza siku ambayo haikuwa yake, zaidi ya wiki mbili mapema, asubuhi baada ya chai, mvua ya masika inamwagika. Nilimwona ameshika meza kwa mikono miwili. Nikachukua mkoba uliokwisha fungwa, nikamfunika na koti la marehemu, nikakimbilia gari. Siku hiyo sikuwa nimeliwasha mapema, maana mvua ilinichelewesha kitandani. Nikapiga ufunguo, likakoroma likanyamaza. Nikapiga tena. Nikafungua boneti na kuiangalia injini kama vile inanijua. Nikarudi nikapiga, na mkoromo ukawa unazidi kuwa mdogo, ule ule wa Senjele, naufahamu hata usingizini. Nililipiga dashibodi kwa ngumi. Nilikuwa nalia, na nilikuwa natukana, na katikati yake nilikuwa namwomba Mungu.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea nguzo, anapumua kwa kinywa. Alingoja uchungu upite ndipo akasema.

"Mama, acha. Taibomba."

"Bomba ya nini hapa?" nikamfokea. "Unaliona lina ubomba gani?"

"Si bomba, mama. Taibomba. Ni Kibemba. Halifanyi kazi."

Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni na mlango wa gari uko wazi. Nilimwomba alitamke tena, akalitamka, na sentensi nzima kama mume wake alivyomsimulia kwa simu. Motoka taibomba bwino: gari halifanyi kazi vizuri. Fundi alikuwa amemwonya mkwe wangu kwa lugha ambayo tajiri wake haielewi, na mkwe wangu asingeweza kuitafsiri mbele ya tajiri huyo bila kumpotezea kijana wa watu kazi. Akaniambia kwa njia pekee aliyoachiwa na adabu yangu mwenyewe, kupitia tairi. Nikauchomoa ufunguo wa lile jeupe.

Binti yangu alikuwa ameshaweka simu mfukoni. Akaniambia niingize mkoba ndani usilowe, mume wake yuko njiani. Nikasema kwa pikipiki, kwenye mvua hii, na hali hii? Uchungu ulikuwa umerudi, akaikumbatia nguzo.

Haikufika nusu saa nikasikia muungurumo unapanda kilima. Kwenye kona ya mibuni likatokea gari la bluu, limechubuka ubavuni, matope mpaka vioo. Mkwe wangu alikuwa kwenye usukani. Baadaye nilikuja kujua kwamba siku mbili baada ya mimi kumtukana alirudi yadi, akaiacha pikipiki yake pale, akaongezea na mchele wote aliokuwa ameuhifadhi ghalani kungojea bei, akaondoka na la bluu. Tangu hapo alikuwa amepanga chumba Vwawa, jirani na kwetu, gari limeelekezwa mbele barabarani, kwa sababu kulileta uani kwangu hakuthubutu. Duka la mchele lilikuwa limefungwa. Hayo ndiyo waliyokuwa wakiyaongea kule kwenye mibuni, na binti yangu alijua nisingeamini neno la mume wake.

Tulimlaza binti yangu kiti cha nyuma, kichwa mapajani pangu. Mkwe wangu hakunitazama. Aliuambia usukani kwamba mama wafunge mkanda. Tulipofika Senjele nilifumba macho, nikahesabu kona kwa mwili, na la bluu likapanda mlima wote bila kubadilisha sauti. Nilifumbua macho lilipokuwa limeshika tambarare. Nilimwona kwenye kioo cha mbele, midomo inacheza, naye alikuwa anaomba.

Hospitali walimchukua hapohapo, mlango ukafungwa. Kwenye korido kulikuwa na benchi moja. Mkwe wangu alikwenda kusimama mwisho kabisa, karibu na ndoo za usafi, suruali imelowa mpaka magotini, amenipa ubavu kwa heshima. Nikakaa. Nikamtazama akihamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule. Nilifikiri niliambie benchi. Nilifikiri niiambie ndoo. Kisha nikasogea nikaacha nafasi, nikapiga mbao kwa kiganja.

"Baba," nikasema, "njoo ukae."

Alisita, kisha akaja. Akakaa ukingoni kabisa, kama anaogopa kulivunja benchi. Tukawa mama mkwe na mkwe kwenye benchi moja, jambo ambalo mama yangu angeliona angezimia. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunga tangu Senjele, ya msamaha, ya Maandiko, na yote yalikuwa mepesi kuliko lile moja nililolisema yadi. Sikutaka kumpa gunia zuri mdomoni na taka katikati.

Mlango ukafunguka kidogo, muuguzi akapita haraka na beseni, na nyuma yake kabla haujajifunga ikatoka sauti. Ilikuwa kali, ya hasira, ya mtu aliyechokozwa. Sikuhitaji kuambiwa. Mtoto alikuwa analia. Muuguzi akarudi, akasema ni wa kike, mama yake yuko salama, tusubiri.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Mimi vilinifika siku moja vyote viwili.

Mkwe wangu alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika. Nikamshika mkono, nikauondoa usoni, nikamlazimisha anitazame.

"Lile gari nililisingizia baridi," nikamwambia. "Mimi ndiye taibomba."

Akajifuta pua kwa mkono wa shati. Nilimwona anapigana na adabu, na kicheko, na machozi, vyote kwa pamoja, na hakujua aanze na kipi. Mwishowe akanijibu, akinitazama mimi, si mlango wala ndoo.

"Hapana, mama. Taibomba ni ya gari. Mtu akijisema mwenyewe ni nshibomba."

"Basi nifundishe," nikasema.